Mtoto Hangoji Hukumu

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa kila wazazi wanapofikishana mahakamani kwa shauri la talaka au la kugombea malezi ya watoto. Lakini methali hiyo haikumaliza maneno yote. Nyasi zilizokanyagwa leo, mvua ikinyesha, zitachipua tena. Mtoto aliyepoteza muhula mzima wa masomo, aliyehamishwa nyumba tatu katika mwaka mmoja na kufundishwa kumchukia mama yake au baba yake, hakuna mvua itakayomrudishia muda huo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa umma wanaoijua sheria, huitazama hukumu peke yake. Mazungumzo yote huwa juu ya nani atashinda na nani atashindwa. Kipindi kilichoko baina ya siku ya kufungua shauri na siku ya kusomwa hukumu huonekana kama baraza la kungojea tu, mahali ambapo hakuna linalotendeka. Fikira hiyo si sahihi. Shauri hufunguliwa, hutajwa, huahirishwa, hupangiwa tarehe nyingine. Shahidi mmoja hafiki, mwingine amesafiri. Muda wote huo mtoto anakula, analala, anaugua, anakwenda shule na anakua. Yeye hangoji hukumu. Na mara nyingi ni katika kipindi hicho cha kungoja, wala si katika siku ya hukumu, ambapo maisha yake huamuliwa.

Sheria inavyosema

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo, ilileta mapinduzi makubwa katika jambo hili. Kabla yake, mila za makabila mengi, ambazo sehemu yake kubwa iliandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963, zilimhesabu mtoto kuwa mali ya ukoo wa baba, hasa pale mahari yalipokuwa yamelipwa. Kifungu cha 125 cha sheria ya mwaka 1971 kiliweka msingi mpya: mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo lenye uzito kuliko mengine yote ni maslahi ya mtoto mwenyewe. Baada ya hapo ndipo mahakama hutazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto ikiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ambayo wahusika wanatoka.

Kifungu hichohicho kinasema kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kisha kinaongeza neno ambalo watu wengi hulisahau: katika kuipima dhana hiyo, mahakama haina budi kuzingatia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono ya huyu kwenda mikono ya yule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyatilia nguvu mambo hayo. Inataka maslahi ya mtoto yatangulie, maoni yake yasikilizwe ikiwa ameyatoa kwa hiari yake, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe ovyo, na malezi yasikatizwe. Inasema pia kwamba mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla ya kutengana kwao, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, ilimradi mpango huo usiharibu masomo yake.

Sheria ni nzuri. Lakini kila upanga mzuri una makali pande mbili.

Anayewahi ndiye anayeshinda?

Chukulia mfano wa mtoto wa miaka 8, yuko darasa la pili katika shule iliyo karibu na nyumbani kwao mjini. Wazazi wanagombana. Jumamosi moja baba anamchukua kwa kisingizio cha kwenda kumsalimu bibi, naye anamwacha kijijini umbali wa siku nzima kwa basi. Au ni mama anayefungasha usiku na kuondoka na mtoto kwenda kwa kaka yake mkoa mwingine, bila kuwa na hatari yoyote anayoikimbia. Aliyeachwa nyuma anakimbilia mahakamani. Shauri linachukua mwezi, linachukua miezi sita, linachukua mwaka. Siku ya kusikilizwa inapofika, yule aliyewahi kumchukua mtoto anasimama mbele ya hakimu na kusema kwa utulivu: mtoto amekwisha zoea huko aliko, anasoma huko, ana marafiki huko; ikiwa sheria inakataza kumvuruga, kwa nini avurugwe?

Hoja hiyo ina nguvu, na hapo ndipo penye hatari. Kanuni iliyowekwa kumlinda mtoto asivurugwe hugeuzwa kuwa zawadi kwa mtu aliyemvuruga kwanza. Mwenye kuiheshimu sheria akangoja hujikuta amepoteza, na mwenye kunyakua huvuna alichopanda. Majirani wakiona hivyo hujifunza somo lisilofaa kabisa: kwamba katika ugomvi wa wazazi, dawa ni kuwahi.

Dawa halisi imo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 125 kinasema mahakama yaweza kutoa amri juu ya malezi ya mtoto wakati wowote. Neno hilo, wakati wowote, si pambo. Maana yake ni kwamba mzazi halazimiki kungoja hadi talaka iamuliwe ndipo aulize mtoto akae wapi. Aweza kuomba amri ya muda mara shauri linapofunguliwa. Na kifungu kinachofuata kinairuhusu mahakama kuambatanisha masharti: mahali mtoto atakapokaa, namna atakavyosomeshwa, nyakati za kumtembelea mzazi wa pili, kukaa kwa muda katika uangalizi wa mtu mwingine, na hata kukataza asitolewe nje ya nchi.

Amri ya muda haimalizi shauri. Haisemi nani mwema na nani mwovu katika ndoa. Kazi yake ni kumsimamishia mtoto dari juu ya kichwa chake wakati watu wazima wanaendelea kuhojiana. Kwa sababu hiyo haina budi iombwe mapema, isikilizwe mapema na iandikwe kwa maneno yanayoeleweka. Amri isemayo tu kwamba baba atamwona mtoto nyakati zinazofaa ni mbegu ya ugomvi mpya, kwa kuwa kila mmoja atakuwa na nyakati zake zinazofaa. Amri isemayo kwamba mtoto atakaa na mama siku za shule, atakwenda kwa baba Ijumaa jioni ya kila wiki ya pili na kurudi Jumapili kabla ya jua kutua, na kwamba likizo itagawanywa nusu kwa nusu, haimwachii mtu nafasi ya kubishana.

Maandalizi ya kweli

Wengi hudhani kujiandaa kwa shauri la watoto ni kukusanya maovu ya mwenzio. Mume huja na orodha ya siku mke alizochelewa kurudi nyumbani. Mke huja na orodha ya baa ambazo mume alionekana. Baadhi ya mambo hayo yaweza kuwa na maana. Palipo na ulevi unaohatarisha mtoto, kipigo au unyanyasaji, hapana budi yasemwe yote bila kuona haya, na mama au baba anayekimbia na mtoto ili kuokoa maisha asihesabiwe hata kidogo kuwa mnyakuzi. Aliye katika hatari hiyo akatoe taarifa polisi na kwa afisa ustawi wa jamii mara moja, ili kukimbia kwake kuwe na kumbukumbu.

Lakini katika mashauri mengi hakimu hatafuti mke bora wala mume bora. Anatafuta jibu la maswali machache yaliyo wazi. Nani humwamsha mtoto asubuhi? Nani alimpeleka kliniki alipougua? Nani anajua jina la mwalimu wake? Atalala wapi, na nani atabaki naye mzazi anapokuwa kazini? Ada na sare zitatoka mfuko gani? Mzazi anayeweza kuyajibu maswali hayo kwa mambo aliyoyatenda amejiandaa. Asiyeweza kuyajibu, hata akiwa na mafaili matatu ya maovu ya mwenzake, bado hajajiandaa.

Kwa hiyo basi, mzazi mwenye busara hukusanya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, taarifa za maendeleo ya shuleni, stakabadhi za ada na dawa, na hati ya mshahara au maelezo ya kweli ya kipato chake. Hupanga mashahidi walioona kwa macho yao: jirani anayeishi ukuta kwa ukuta, balozi wa shina, mwalimu wa darasa. Shangazi anayeishi mbali na kuja kusimulia aliyosimuliwa kwa simu hausaidii upande wowote. Mwisho, huandika mpango wake wa malezi, siku kwa siku, ukiwa na nafasi ya mzazi wa pili ndani yake. Mpango usio na nafasi hiyo humwambia hakimu habari za mwandishi wake kuliko habari za mtoto.

Pia hapana maandalizi mabaya kama kumkaririsha mtoto maneno ya kusema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kusikilizwa. Kusikilizwa si kutumwa. Mtoto anayetumia maneno ya watu wazima kumhukumu mzazi wake hutambulika upesi, na mzazi aliyempakia mzigo huo hujidhihirisha kuwa hafai kuaminiwa na moyo wa mtoto.

Kisha kuna mwenendo katika kipindi chenyewe cha kungoja. Anayetii amri ya muda, anayemrudisha mtoto kwa saa iliyopangwa na anayetoa fedha za matumizi bila kusukumwa, anajenga ushahidi kila siku bila kusema neno. Wapo akina baba wanaozuia fedha kwa kuwa wamenyimwa kumwona mtoto, na wapo akina mama wanaomficha mtoto kwa kuwa fedha hazijaja. Wote wawili wamekosea. Matunzo si nauli ya kumwona mtoto, na mtoto si stakabadhi ya matunzo. Haki zote mbili ni za mtoto, na mwenye kunyimwa moja hana ruhusa ya kuizuia ya pili; ana ruhusa ya kurudi mahakamani.

Baraza lisiwe dirisha la kuchukulia fomu

Kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ni utaratibu wenye hekima, unaolingana na desturi za wazee kukaa chini na kusuluhisha. Lakini mahali pengine baraza limegeuka dirisha la kuchukulia fomu. Wanandoa huitwa, huulizwa kama bado wanapendana, hujibu hapana, na hati hutolewa. Watoto hawatajwi kabisa.

Baraza halina mamlaka ya kuamua mtoto akae na nani. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini sheria inaliruhusu kuambatanisha mapendekezo yake katika hati linayoitoa liliposhindwa kusuluhisha. Nafasi hiyo ni ya thamani kubwa. Wajumbe wa baraza wanaijua mitaa, wanazijua nyumba na mara nyingi wanawajua hata watoto wenyewe. Wakiuliza swali moja tu, mtoto atalala wapi usiku wa leo, na wakaandika makubaliano ya muda ambayo wazazi wote wameyakubali mbele yao, watakuwa wamempa hakimu mahali pa kuanzia. Wazazi walioshindwa kukubaliana juu ya ndoa mara nyingi wanaweza bado kukubaliana juu ya njia ya mtoto kwenda shule, ikiwa kuna mtu wa kuwauliza kabla hasira haijawa kesi.

Wajibu wa mwalimu na mtumishi

Walimu na watumishi wa umma wasidhani kwamba jambo hili ni la mahakimu na mawakili peke yao. Daftari la mahudhurio linalowekwa na mwalimu wa darasa la pili laweza kuwa kielelezo cha kweli kuliko kiapo cha mtu yeyote. Linaonyesha tarehe mtoto alipoanza kukosa masomo, na tarehe alipoacha kabisa. Mwalimu akipokea wito wa mahakama, asijifiche kwa kuogopa kuingia katika ugomvi wa watu. Aende na daftari lake, aseme alichokiona: kwamba mtoto alikuja na njaa, kwamba aliyehudhuria mkutano wa wazazi alikuwa fulani, kwamba alama zilishuka mwezi fulani. Asiseme zaidi ya hapo, kwa maana yeye ni shahidi, si hakimu.

Aidha, mwalimu mkuu asimtoe mtoto shuleni katikati ya muhula wala asimkabidhi kwa mtu yeyote akijua kuna shauri, bila kuuliza kama ipo amri ya mahakama. Nakala ya amri ikiwapo iwekwe katika faili la mtoto. Kuuliza huko si ukorofi. Ni ulinzi wa mtoto, wa mzazi na wa mwalimu mwenyewe.

Afisa ustawi wa jamii ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama, kila inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye elimu au uzoefu wa ustawi wa watoto. Taarifa ya afisa aliyefika nyumba zote mbili, akaona kitanda, akaona jiko, akazungumza na mtoto peke yake, ina thamani ambayo hotuba za mawakili hazina. Taarifa iliyoandikwa ofisini kwa kusikiliza upande mmoja ni hatari kuliko kutokuwa na taarifa. Mamlaka zinazohusika hazina budi kuwapatia maafisa hawa usafiri na muda, kwa sababu kila wiki taarifa inayochelewa ni wiki nyingine ya mtoto kukaa mahali ambapo hakuna aliyepapima.

Wakuu wa idara nao wana sehemu yao. Mtumishi mwenye shauri la watoto apewe ruhusa ya kwenda mahakamani bila kuzungushwa, na uhamisho wake ufikiriwe kwa uangalifu. Na kwa upande wake, mtumishi asitumie uhamisho kama mlango wa nyuma wa kumhamishia mtoto mkoa mwingine mbali na mikono ya mahakama.

Mahakama zenyewe zimeonyesha kwamba mabadiliko yanawezekana. Kituo Jumuishi kilichoanza kazi Temeke, Dar es Salaam, mwaka 2021 kiliweka mashauri ya familia chini ya paa moja, na tangu mwaka huo Kiswahili kilithibitishwa katika sheria kuwa lugha ya mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo iliwatambua wasaidizi wa kisheria walioko karibu na wananchi. Kinachohitajika sasa ni mazoea: kila shauri lenye mtoto ndani yake, swali la malezi ya muda liulizwe siku ya kwanza shauri linapotajwa, hata kama hakuna aliyeliomba. Amri itakayotolewa iwe na tarehe ya kutazamwa upya. Na iandikwe wazi kwamba aliyemnyakua mtoto bila sababu ya usalama hatafaidika na muda uliopita tangu amnyakue.

Msingi wa siasa ya nchi hii ni kwamba kila mtu anastahili heshima. Mtoto ni mtu. Hana wakili, hana kura, hana nauli ya kwenda kwa msajili kuulizia tarehe ya shauri. Anachokuwa nacho ni wiki hii, muhula huu na mtihani huu. Wazazi wanaweza kukata rufani dhidi ya hukumu wasiyoipenda. Mtoto hana mahali pa kukatia rufani ya mwaka mmoja wa utoto uliopotea wakati watu wazima wakingoja zamu yao ya kusema.